Mungu Husukuma, Mtu Hulipa: Olympus na Binadamu katika Tendi za Homer

Mkono wa Achilles umekwishashika mpini, na upanga umeanza kutoka alani. Mbele yake amesimama Agamemnon, mkuu wa majeshi ya Wagiriki, ambaye ametoka kutangaza mbele ya wote kwamba atamchukua Briseis, mwanamke aliyekuwa fungu la Achilles katika nyara za vita. Pigo moja tu na mfalme atakuwa maiti. Hapo Achilles anahisi nywele zake zikivutwa kwa nyuma. Anageuka na kukutana na macho makali ya Athena, binti wa Zeus. Umati uliojaa barazani hauoni kitu.

Athena hampokonyi upanga wala hamfungi mkono. Anamweleza kwamba ametumwa na Hera, mke wa Zeus, na kwamba ameshuka kuituliza hasira yake, iwapo atakubali kumsikiliza. Anampa ruhusa ya kumtukana mfalme apendavyo, na kumwahidi kwamba siku moja atalipwa mara tatu kwa fedheha ile. Achilles anajibu kwamba ni heri kuwatii miungu hata moyo ukiwa unatokota. Upanga unarudi alani.

Iwapo atakubali. Mungu mwenye uwezo wa kumgeuza Achilles majivu amekuja kumshawishi, naye Achilles angeweza kukataa. Tukio hilo liko mwanzoni kabisa mwa Iliad, na ndani yake mna swali ambalo wasomaji wamelikodolea macho kwa zaidi ya miaka 2,500: katika tendi za Wagiriki wa kale, ni nani hasa anayetenda? Ikiwa miungu wako nyuma ya kila mkuki na kila shauri, binadamu amebakiwa na nini cha kuitwa chake?

Tendi za Homer ni mbili. Iliad ina mistari karibu 15,700 na inasimulia majuma machache ya mwaka wa 10 wa vita vya Troy. Odyssey ina mistari zaidi ya 12,000, nayo inamfuata Odysseus akirudi nyumbani kisiwani Ithaca baada ya vita hivyo. Wataalamu wengi wanaziweka katika karne ya 8 au ya 7 KK, na nyuma yake kuna vizazi vya waimbaji waliotunga bila kalamu. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia kurekodi waimbaji wasiojua kusoma waliokuwa wakitunga tendi ndefu papo hapo mbele ya hadhira, na kazi yake ndiyo iliyowaonyesha wasomi jinsi utunzi wa aina hiyo unavyowezekana.

Mwimbaji wa namna hiyo ni mtu wa kwanza kumtegemea mungu. Kila utendi unaanza kwa kumwita Muse, mungu wa kike wa utunzi, aimbe kupitia kinywa cha mshairi. Lakini sikiliza anavyojitetea Phemius, malenga wa Ithaca, anapoomba Odysseus asimuue: anasema amejifundisha mwenyewe, tena anasema mungu ndiye aliyezipanda nyimbo zote moyoni mwake. Anayatamka yote mawili kwa pumzi moja, wala haoni mgongano wowote. Anayeuelewa utetezi wa Phemius ameshika ufunguo wa tendi zote mbili.

Lakini kwanza, miungu hawa ni nani? Hawakuumba ulimwengu, walizaliwa ndani yake. Ni ukoo mmoja wenye ugomvi, wivu na upendeleo, unaokaa Olympus chini ya Zeus, ambaye ni baba mkali na mara nyingi mume aliyechoshwa na mke. Wanakula ambrosia na kunywa nekta. Mishipani mwao hamna damu bali majimaji yaitwayo ichor. Wanaumia: katika kitabu cha 5 cha Iliad, Mgiriki Diomedes anamchoma Aphrodite kifundoni mwa mkono, na mungu huyo wa mapenzi anakimbilia kwa mama yake akilia. Mama anambembeleza kwa kumkumbusha maafa ya wenzake, akiwemo Ares, mungu wa vita, aliyefungiwa ndani ya mtungi wa shaba kwa miezi 13. Muda mfupi baadaye Ares naye anachomwa na Diomedes huyohuyo, na kupiga ukelele kama wa watu elfu tisa au kumi.

Ni rahisi kuwacheka. Ila jeraha la Aphrodite linapona siku ileile, na la Ares linafungwa na dawa upesi kama maziwa yanavyoganda. Uwanjani chini, aliyechomwa mahali kama pale ameacha mjane. Homer anaziweka picha hizo mbili karibu ili zisomwe pamoja.

Uhusiano kati ya pande hizo mbili unapita njia kadhaa. Ya kwanza ni damu. Achilles ni mwana wa Thetis, mungu wa baharini. Aeneas wa Troy ni mwana wa Aphrodite. Sarpedon wa Lycia ni mwana wa Zeus mwenyewe. Ya pili ni sadaka na sala, ambazo zina mantiki ya deni. Kuhani Chryses, aliyefukuzwa na Agamemnon alipokwenda kumkomboa binti yake, anamkumbusha Apollo mapaja ya mafahali na mbuzi aliyomchomea, ndipo anaomba kisasi. Apollo anashuka na upinde wake, anaanza na nyumbu na mbwa, kisha anawageukia watu, na kwa siku tisa moto wa kuchoma maiti hauzimiki kambini. Hata hivyo deni hilo halina mahakama. Wanawake wa Troy wanapomletea Athena vazi lililo zuri kuliko yote ghalani, wakiomba mji wao uhurumiwe, Athena anakataa, na mshairi anataja kukataa huko kwa maneno machache tu. Hector, mtetezi mkuu wa Troy, ambaye hakuacha kumtolea Zeus sadaka hata siku moja, atakufa, na Zeus atasikitika kwa dhati huku akimwacha afe.

Njia ya tatu ni kujigeuza, na hapo ndipo mambo yanapotatanisha. Mungu anapotaka kumwingia mtu akilini, mara nyingi huja na sura ya mtu anayeaminika: ndugu, mzee, rafiki wa baba. Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka imani hiyo ikiwa hai karne nyingi baadaye, pale Listra, watu walipodhani kwamba Barnaba ni Zeus na Paulo ni Hermes walioshuka kwa umbo la binadamu.

Tazama linavyotendeka jambo hilo katika kitabu cha 4 cha Iliad. Wagiriki na Watroy wamekula kiapo cha kusimamisha vita. Zeus na Hera wanataka kiapo kivunjwe, na Athena anatumwa. Anachukua sura ya Laodocus, kijana wa Troy, na kumtafuta mpiga upinde Pandarus. Anamwambia kwamba akimpiga mshale Menelaus, nduguye Agamemnon, atapata sifa kwa Watroy wote na zawadi nono kwa Paris, mwana wa mfalme wa Troy. Hamlazimishi. Anakigusa kilichokuwamo tayari, uchu wa sifa na mali, na mshairi anasema waziwazi kwamba Athena aliishawishi akili ya mpumbavu. Pandarus anaupinda upinde. Athena yuleyule anarukia upande wa pili na kuusogeza mshale usimuue Menelaus, kama mama anavyomfukuzia nzi mtoto aliyelala.

Kisha inakuja hesabu. Katika kitabu kinachofuata Diomedes anarusha mkuki, na anayeuongoza mpaka usoni mwa Pandarus, hata shaba ikamkata ulimi, ni Athena. Aliyemtia Pandarus katika dhambi ndiye aliyeipeleka adhabu, na Athena mwenyewe hakupoteza chochote. Msomaji wa leo anaweza kuona hapo dhuluma tupu. Homer haifichi dhuluma hiyo, lakini hamwachii Pandarus kisingizio: mkono uliovuta uzi ulikuwa wake.

Hilo ndilo Albin Lesky, mtaalamu wa Austria, alilolichambua mwaka 1961 alipoonyesha kwamba katika Homer tendo moja huwa na chanzo cha kimungu na chanzo cha kibinadamu kwa wakati mmoja, bila kimoja kukifuta kingine. Kabla yake, mwaka 1946, Mjerumani Bruno Snell alikuwa amedai kwamba watu wa Homer hawakuwa bado na dhana ya nafsi moja inayoamua, na kwamba maamuzi yao makubwa yalionekana kutoka nje. Dai lake liliwavutia wengi, ila matini yenyewe yanaligomea. Odysseus akiachwa peke yake uwanjani hujadiliana na moyo wake mwenyewe, hupima kukimbia na kubaki, kisha hubaki. Hakuna mungu anayemnong'oneza.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kinywani mwa Agamemnon. Katika kitabu cha 19, baada ya Wagiriki wengi kufa kwa ugomvi wake na Achilles, anasimama mbele ya jeshi na kusema kwamba kosa si lake: ni la Zeus, la Moira (majaliwa), na la Erinys, mungu wa kisasi, waliomtia upofu wa akili uitwao Ate siku ile. Hotuba ingeishia hapo, tungemwita mtu anayejitoa lawamani. Lakini katika hotuba ileile anasema kwamba, kwa kuwa alipofushwa, yuko tayari kulipa. Na analipa: vyombo saba vya miguu mitatu, masufuria ishirini, farasi kumi na wawili, talanta kumi za dhahabu, wanawake saba wa Lesbos na Briseis wa nane, juu ya kiapo kwamba hakumgusa. Msomi E. R. Dodds alikifungua kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu Wagiriki na mambo yasiyo ya akili kwa hotuba hiyohiyo, akaonyesha kwamba maelezo ya mungu yalieleza jinsi kosa lilivyotokea, na hayakufuta fidia. Achilles naye hambishii. Anakubali kwamba Zeus aliwapofusha, kisha anadai vita vianze.

Inafaa pia kuangalia ni nani anayesema nini. Mwaka 1904 Ove Jørgensen wa Denmark aligundua kwamba katika Odyssey mshairi hutaja kwa jina mungu aliyetenda, kwa sababu Muse amemjulisha, ilhali wahusika wenyewe, wakisimulia yaliyowapata, husema tu mungu fulani, au pepo, au Zeus. Hawaoni kama sisi tunavyoona. Ndiyo maana maneno kuhusu miungu ni pia maneno ya watu wakiongea na watu. Mzee Priam, mfalme wa Troy, anapomwita Helen, mke wa Menelaus, akae karibu naye juu ya ukuta wa Troy na kumwambia kwamba haoni kosa lake bali la miungu, anamsitiri mwanamke anayechukiwa na mji mzima. Helen haupokei msamaha huo. Anajibu kwamba heri angekufa kabla ya kumfuata Paris.

Juu ya miungu na watu linatanda neno moira, ambalo maana yake ya asili ni fungu, kile alichogawiwa mtu. Fungu kubwa kuliko yote ni siku ya kufa. Je, Zeus anaweza kulibadilisha? Katika kitabu cha 16 Sarpedon anakaribia kuuawa na Patroclus, rafiki wa Achilles, na baba yake anafikiria kumnyakua kutoka vitani. Hera hamwambii kwamba haiwezekani. Anamwambia afanye, ila miungu wengine hawataridhika, kwani wengi wana watoto wao chini ya kuta za Troy na kila mmoja atataka wake aokolewe. Zeus ananyamaza, ananyesha matone ya damu juu ya ardhi kwa heshima ya mwanawe, na Usingizi na Mauti wanaubeba mwili mpaka Lycia ukazikwe na nduguze. Mfalme wa miungu ana nguvu ya kuvunja mpango, lakini akiuvunja hakutakuwa na mpango tena. Hapo anafanana na mzazi yeyote anayemzika mtoto, tofauti ikiwa moja: yeye ataendelea kukumbuka milele.

Kifo cha Hector kinaonyesha uso mkali zaidi. Amekimbizwa na Achilles mara tatu kuuzunguka mji, na miungu wametazama kama watu wanaotazama mashindano. Zeus anainua mizani ya dhahabu, upande wa Hector unazama, na papo hapo Apollo aliyekuwa akimlinda anamwacha. Athena anakuja na sura ya Deiphobus, ndugu yake Hector, na kumshauri asimame wapigane wawili. Hector anasimama, anarusha mkuki wake, unagonga ngao na kudunda. Anamgeukia Deiphobus ampe mwingine. Hakuna mtu. Sasa anaelewa kwamba miungu wamemwita kifoni. Katika sekunde hizo anaamua kufanya jambo moja la kusimuliwa na watakaozaliwa, anachomoa upanga na kuingia. Kila kitu kimechukuliwa na miungu isipokuwa uamuzi huo, na ndio unaomfanya Hector asiwe kichekesho cha Athena.

Odyssey inabadilisha sauti. Zeus mwenyewe anaufungua mjadala kwa malalamiko: binadamu wanawalaumu miungu kwa kila baya, na hali kwa upumbavu wao wanajiongezea maumivu kupita fungu lao. Mfano wake ni Aegisthus, aliyeonywa na Hermes asimuue Agamemnon wala asimwoe mkewe, akafanya yote mawili, akauawa na Orestes, mwana wa Agamemnon. Wenzake Odysseus nao walionywa wasiguse ng'ombe wa mungu Jua, wakawachinja, wakazama. Humu miungu wanaonya zaidi kuliko wanavyotega, na wageni na maombaomba wako chini ya ulinzi wa Zeus, maana mgeni aliyevaa matambara mlangoni anaweza kuwa mungu anayekagua mwenendo wa watu.

Lakini Odyssey nayo haitoi faraja iliyo safi. Miongoni mwa vijana wanaomposa kwa nguvu Penelope, mkewe Odysseus, yumo mmoja mwenye heshima, Amphinomus. Odysseus, akiwa amejifanya maskini, anamwonea huruma na kumshauri aondoke kabla mwenye nyumba hajarudi. Amphinomus anatikisa kichwa, moyo umejaa wasiwasi, anarudi kitini pake. Athena alikuwa amekwishamfunga afe kwa mkuki wa Telemachus, mwana wa Odysseus. Hapa nadharia yoyote laini inakwama, na ni haki ikwame.

Kuna pia ukaribu ambao Iliad haiujui. Odysseus anapoamka pwani ya Ithaca bila kuitambua, Athena anamjia kama kijana mchungaji. Odysseus anamtungia uongo mrefu kuhusu alikotoka. Athena anatabasamu, anampapasa, na kumwambia kwamba wote wawili ni mabingwa wa hila, yeye kwa miungu na Odysseus kwa watu. Kisha wanakaa chini ya mzeituni kupanga jinsi ya kuwaua wale waposaji.

Hata hivyo ukaribu una mpaka, na Homer anauchora mezani. Calypso, mungu wa kike, amemweka Odysseus kisiwani kwake kwa miaka saba na kumwahidi kutokufa wala kuzeeka. Siku inapofika ya kumwachia, wanaketi kula pamoja: mbele ya Odysseus kuna chakula wanachokula watu, na mbele ya Calypso vijakazi wanaweka ambrosia na nekta. Odysseus anakiri kwamba Penelope hamfikii Calypso kwa uzuri, kwa kuwa Penelope atazeeka na kufa. Anachagua kwenda nyumbani. Hiyo ndiyo sahani aliyoichagua.

Wagiriki wenyewe hawakuipokea picha hii bila kuhoji. Katika karne ya 6 KK Xenophanes wa Colophon alimshutumu Homer na mshairi mwenzake Hesiod kwa kuwabandika miungu wizi, uzinzi na udanganyifu. Plato, katika karne ya 4 KK, alitaka hadithi za namna hiyo ziondolewe katika malezi ya vijana, na miongoni mwa alizozitaja ni ile ya Pandarus na kiapo kilichovunjwa. Karne ya 3 KK, Apollonius wa Rhodes, mkuu wa maktaba ya Alexandria, alitunga Argonautica, utendi wa mabaharia, katika ulimwengu uliokwishasikia shutuma hizo. Kwake Eros, mwana wa Aphrodite, anahongwa mpira wa dhahabu ili amchome mshale wa mapenzi Medea, binti wa mfalme, lakini uzito wa utendi uko katika usiku ambao Medea hapati usingizi akipigana na nafsi yake. Naye Apollo anawatokea mabaharia alfajiri moja karibu na kisiwa kitupu, nchi inatetemeka, wao wanainamisha macho, na mungu anapita hewani kwenda zake bila kuwatazama. Athena aliyevuta nywele amekuwa mbali.

Kati ya mwisho huo wa mbali na mwanzo ule wa karibu kuna kitabu cha 24 cha Iliad. Achilles ameuburuta mwili wa Hector siku nyingi, na Apollo ameulinda usiharibike. Baraza la Olympus linakata shauri: Thetis anapelekwa kwa Achilles kumwambia aurudishe, Iris, mjumbe wa miungu, anapelekwa kwa Priam kumwambia aende na fidia. Hermes, akiwa na sura ya kijana, anamwongoza mzee gizani, anawalaza walinzi, anafungua lango. Mlangoni pa Achilles anajitambulisha, na kusema kwamba haifai mungu akaribishwe waziwazi na watu. Anaondoka.

Priam anaingia peke yake. Anayashika magoti ya Achilles na kuibusu mikono iliyowaua wanawe wengi. Wanalia, mmoja kwa ajili ya Hector, mwingine kwa ajili ya baba aliyemwacha mbali na kwa ajili ya Patroclus. Achilles anazungumza juu ya mitungi iliyowekwa sakafuni kwa Zeus, ambayo kwayo watu hugawiwa mabaya na mema, na juu ya miungu wanaoishi bila huzuni. Kisha anachinja kondoo, wanakula.

Zeus alikuwa ameagiza mwili urudishwe. Hakuwa ameagiza lolote zaidi. Ni Achilles anayeuliza, kwa hiari yake, Priam anahitaji siku ngapi za kumzika mwanawe. Priam anaomba kumi na moja, na wapigane siku ya kumi na mbili ikibidi. Achilles anakubali, na kumshika mzee kifundo cha mkono wa kulia asiwe na hofu. Kabla ya mapambazuko Hermes anamwamsha Priam na kumtoa kambini, na penye kivuko cha mto anarudi Olympus. Baada ya hapo imebaki mistari zaidi kidogo ya mia moja, na hakuna mungu anayetenda ndani yake. Watroy wanaleta kuni kwa siku tisa, wanamchoma Hector, wanaikusanya mifupa, wanajenga kaburi upesi huku wameweka walinzi pande zote, maana vita viko jirani na wao wana neno la Achilles tu.